Shafti ya mashine ya kusaga imelika kwenye beringi: kujaza, kuvalisha bushi au kuchonga mpya?

Kinole_Lethi
Wakuu habari za jioni. Nina karakana ndogo nyuma ya nyumba hapa Morogoro: lethi (mashine ya kuchonga vyuma) moja ya zamani, inayobeba kazi ya urefu hadi 750 mm, drili ya kusimama, mashine ya kuchomelea na grainda. Siyo biashara, ni ugonjwa wangu tu, ila majirani wameshaujua na hawanipi nafasi ya kupona.

Juzi nimeletewa shafti ya mashine ya kusaga mahindi. Urefu 620 mm, beringi mbili za 6308, puli (gurudumu la mikanda) iko nje upande mmoja. Mota ni 15 kW na shafti inazunguka kama mara 2,900 kwa dakika. Beringi ya upande usio na puli ilianza kuteleza juu ya shafti badala ya kuing'ang'ania. Mahali panapotakiwa kuwa 40 mm nimepima kwa maikromita nikapata 39.82, nikigeuza robo mzunguko napata 39.90. Kwa hiyo siyo kulika tu, pamekuwa yai. Upande wa puli bado mzima, 40.01.

Nimezungusha kichwani njia hizi: kujaza kwa weldingi na kuchonga tena, kupunguza shafti na kuvalisha bushi (bomba fupi la chuma), gundi ya beringi, au kuchonga shafti mpya kabisa. Mwenye mashine anataka kesho. Mimi nataka isirudi. Mngefanya nini?

KopoLaSoda
Kaka unajisumbua. Kata kopo la soda, zungushia, gonga beringi juu yake. Kopo ni kama 0.1 mm, wewe una nafasi ya 0.09 kila upande. Limekaa utadhani lilipimwa.

Kinole_Lethi
Hahaha, nilijua utakuja. Ndiyo kwanza nimelitoa kopo hapo! Aliyetangulia alishaliweka. Nilipovuta beringi lilitoka unga wa kijivu na vipande viwili vyenye maandishi bado yanasomeka.

KopoLaSoda
Lilikaa muda gani?

Kinole_Lethi
Mwenyewe anasema wiki tano.

KopoLaSoda
Wiki tano za msimu siyo haba 😄

Kamukunji_Nyundo
Niko Nairobi, hii kazi tunafanya kila siku. Jaza na weldi, basi. Lakini kuna kujaza na kujaza. Watu wengi wanazungusha weldi kama wanafunga kamba, shafti inapinda kama ndizi. Sisi tunalaza mistari kwa urefu wa shafti: mstari mmoja juu, unageuza, wa pili chini kabisa, kisha kushoto, kisha kulia. Joto linavutana, shafti inabaki imenyooka. Tumia rodi 7018 iliyokaushwa, si 6013 iliyolala dukani tangu masika. Na kabla ya kugusa rodi, pasha shafti kwanza. Kama ni EN8, chuma cha kaboni ya kati, ifike kama digrii 200. Ukimaliza usiimwagie maji, ifukie kwenye majivu ipoe mpaka asubuhi.

Faida yake ni kwamba hupunguzi unene wa shafti. Hapo bushi inashindwa.

Kinole_Lethi
Shukrani boss. Sikatai, lakini nina kidonda. Mwaka juzi nilipeleka shafti yangu mwenyewe, ya msumeno wa mbao, karakana moja mjini wakati sina lethi. Walijaza bila kupasha moto, wakachonga vizuri, ikang'aa. Ilikatika kabla haijamaliza miezi miwili ya kazi. Na haikukatika popote, ilikatika pale pale weldi ilipoishia, kwenye bega la shafti, pale unene unapobadilika. Sehemu iliyovunjika ilikuwa na mistari kama ya ganda la chaza, na kipande kidogo katikati chenye chengachenga. Yaani ufa ulikuwa unatembea pole pole muda wote huo, mimi nakata mbao nikiwa nimesimama mbele yake.

MzeeVenia
Kijana, nimesoma yote. Mnabishana njia wakati swali la kwanza hamjaliuliza: ni upande gani?

Kinole_Lethi
Shikamoo mzee. Nimesema juu, upande usio na puli.

MzeeVenia
Marahaba. Umesema, lakini hukulitumia. Sikiliza.

Mikanda inavuta puli upande mmoja tu. Puli iko nje ya beringi, kwa hiyo shafti inataka kupinda, na mahali inapopinda kwa nguvu kuliko pote ni hapo hapo kwenye beringi iliyo jirani na puli. Kila mzunguko, upande uliokuwa unavutwa unakuwa unabanwa, kisha unarudi. Kwa mizunguko 2,900 kwa dakika, mashine ikisaga kwa muda wa saa sita, hiyo ni zaidi ya mara milioni moja kwa siku. Chuma hakivunjwi na uzito hapo, kinavunjwa na kuchoka.

Sasa beringi ya upande wa pili. Shafti inaishia hapo. Hakuna kitu nje yake cha kuivuta, na nguvu ya mota haipiti hapo kwenda popote. Pale panatakiwa kuwe na duara safi la 40 lililokaa katikati. Basi.

Ukipunguza shafti kutoka 40 hadi 34 ili kuvalisha bushi, nguvu yake ya kustahimili kupinda inabaki kama asilimia 61, kwa sababu nguvu inakwenda kwa kipimo mara kipimo mara kipimo. Upande wa puli ningekunyang'anya kisu cha lethi. Upande huu mwingine, endelea bila wasiwasi.

Na ingekuwa upande wa puli, jibu langu ni shafti mpya. Si bushi, si weldi, hata ya Kamukunji, pamoja na heshima yake yote.

Kamukunji_Nyundo
Heshima nimeipokea mzee 😂 Lakini mteja wa kijijini hana pesa ya shafti mpya, na nimejaza upande wa puli mara nyingi zikakaa.

MzeeVenia
Zilizokaa unaziona, mwenye nayo anarudi kukusalimia. Iliyokatika anaipeleka kwa fundi mwingine.

Kamukunji_Nyundo
Hiyo nayo ni kweli.

Bintifundi
Samahani wakubwa, mimi bado najifunza. 6308 mnajuaje ni ya shafti ya 40?

Kinole_Lethi
Dada, chukua tarakimu mbili za mwisho zidisha kwa 5. 08 ni 40, 06 ni 30, 10 ni 50. Inaanzia 04 kwenda juu, zile za 00 hadi 03 zina vipimo vyake. 6208 nayo ni shimo la 40, ila nje ina 80 na 6308 ina 90. Ukienda dukani Gerezani kule Dar au kokote, soma namba iliyochorwa kwenye duara, usiende na "ile kubwa ya mashine ya kusaga".

NusuInjinia
Kuhusu gundi: Loctite 638 inaruhusiwa kujaza nafasi hadi 0.25 mm kwa kipenyo, kwa hiyo 0.18 yako iko ndani. Shida ni kwamba gundi haijui katikati ni wapi. Beringi italalia upande mmoja wa yai, gundi itakauka hivyo hivyo, na rota nzima yenye nyundo zake za kusagia itazunguka nje ya mhimili. Ile mitetemo itamaliza beringi zote mbili. Gundi naipenda sana pale ambapo shafti bado ni duara na imelegea kidogo tu, 0.03 au 0.05. Ya yai, hapana.

Na kwa anayefikiria kupiga senta panchi kuzunguka shafti ili ivimbe: beringi inakaa juu ya vichwa vya vitone tu. Vinalala baada ya siku chache, unarudi ulipokuwa.

MamaUnga
Mimi si fundi, mimi ni mwenye mashine, ninazo mbili. Mnahesabu milimita, mimi nahesabu foleni. Mashine ikisimama mwezi wa saba, wateja wanabeba madebe yao wanakwenda kwa jirani, na wakizoea huko hawarudi hata nikishusha bei. Kwa hiyo fundi wangu nilimwambia tuchonge shafti ya akiba kabisa, imevalishwa na rota yake, inakaa imepakwa grisi imefungwa kwenye gunia. Ikiharibika tunabadilisha kwa asubuhi moja, iliyoharibika inakwenda kutengenezwa taratibu. Hiyo ndiyo nafuu niliyoiona. Mambo ya kopo nilishayaacha.

Lakini swali: mbona hakuna aliyeuliza beringi ilianza kuteleza kwa nini?

MzeeVenia
Mama amewazidi wote.

Kinole_Lethi
Amenizidi mimi wa kwanza. Nimerudi kufungua ile beringi ya zamani. Grisi imeshikana na unga mpaka imekuwa kama ugali uliokauka. Kizuizi cha vumbi hakipo kabisa, mtu alikitoa ili apate kupaka grisi kirahisi. Beringi ilikuwa nzito kuzunguka, kwa hiyo duara la ndani likaona afadhali liteleze kwenye shafti.

MamaUnga
Basi ukimrudishia bila kuweka kizuizi, mtaonana tena.

Kinole_Lethi
Nimekuelewa mama. Ninaamua hivi: bushi kwa sasa kwa sababu ni upande mwepesi, halafu nichonge shafti mpya ya akiba bila haraka. Nitaleta mrejesho.

NusuInjinia
Ukichonga hapo pa 34, usiache kona kali kwenye bega. Saga ncha ya kisu iwe na mviringo. Na bushi ikishavaa, kumbuka kona ya 6308 yenyewe ina mviringo wa 1.5, kwa hiyo wa kwako pale nje uwe mdogo kuliko huo, weka 1, la sivyo beringi itakalia kona na haitafika kwenye bega.

Kinole_Lethi
*Mrejesho, siku nne baadaye.*

Bushi ya kwanza iliniaibisha. Nilipunguza shafti hadi 34.00, nikatoboa bushi 33.97, nikaiweka kwenye jiko la mkaa mpaka ikaanza rangi ya majani makavu, hiyo ni kama digrii 220. Kwa hesabu ilitakiwa iingie yenyewe na nafasi ibaki. Nikaichukua kwa koleo, nikaianza ikiwa imeinama kidogo tu, nikasita nusu sekunde kuinyoosha. Ikashika hapo hapo, 9 mm kabla ya bega. Nyundo haikuisogeza hata unene wa nywele. Nilirudi kwenye lethi nikaichonga yote ikawa chenga.

Ya pili nilichonga mdomo wake wa ndani uwe na mteremko mdogo wa kuiongoza, nikasimamisha shafti wima kwenye ndoo ya mchanga badala ya kuilaza. Ilishuka kama kofia. Nikaiacha ipoe, nikafunga shafti senta kwa senta, siyo kwenye chaki (taya za lethi), nikachonga nje hadi 40.01. Dayali geji (saa ya kupimia kuyumba) inayumba 0.01. Beringi nimeichemsha kwenye sufuria ya oili safi, kipimajoto ndani, nimeitoa ikifika 110. Imeingia kwa mkono.

Ile sufuria haitarudi jikoni, nimeshaambiwa.

Vizuizi vipya vimewekwa pande zote mbili. Jana imesaga toka asubuhi, saa nane nimeweka kiganja juu ya nyumba ya beringi nikakiacha bila kuungua.

MzeeVenia
Safi. Ile ya kuiweka wima ungeniuliza ningekuambia, ila sasa hutaisahau.

KopoLaSoda
Kopo ningemaliza kwa dakika kumi 😄 ila hongera kaka.

Kinole_Lethi
Sasa ninahamia kwenye shafti ya akiba. Nimepata hafu shafti (ekseli ya nyuma) ya lori kwenye chuma chakavu, kipenyo kinatosha. Kisu kinateleza juu yake kama kioo.

Kamukunji_Nyundo
Ngozi yake imekomazwa kiwandani. Ipashe iwe nyekundu yote, ifukie kwenye majivu usiku kucha, kesho itachongeka. Lakini ichunguze nyufa kwanza: paka mafuta ya taa, futa, paka chaki, ngoja. Mafuta yakitokeza mstari kwenye chaki, rudisha ulikoitoa.

Kinole_Lethi
Nitafanya hivyo leo. Kinachonitisha ni njia ya kii (mfereji wa kipande cha chuma kinachofunga puli isizunguke peke yake), pale shafti ni 38 na kii ni ya 10. Sina mashine ya milingi ya kuchonga mifereji. Mawazo yangu ni kutoboa mashimo mstari mmoja kwa drili, kisha tindo na tupa. Kuna mwenye njia bora?

MzeeVenia
Ipo. Zima mota ya lethi, funga spindo isizunguke, funga kisu chembamba kwa ubavu, kisha vuta gari la lethi kwa mkono mbele na nyuma. Kila mvuto unakula 0.05. Kwanza toboa shimo moja mwisho wa njia ili kisu kiwe na pa kupumulia. Tafuta redio ya kusikiliza, utakuwa hapo mpaka magharibi.