Kurekodi Kisuba Mfangano: tujiandae vipi?

Swali: Wadau, kikundi chetu kinatoka Nairobi kwenda kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, kurekodi wazee wanaozungumza Kisuba. Tuna siku nne na simu tu. Tuanzie wapi?

Jibu: Kwanza amueni lugha ya mahojiano. Wasuba wengi wamehamia Kijaluo, na ukiuliza kwa Kijaluo utajibiwa kwa Kijaluo. Ulizeni kwa Kiswahili, au bora zaidi, waketisheni wazee wawili wapige gumzo wenyewe. Kila nomino ichukueni kwa umoja na wingi, pamoja na kivumishi, la sivyo ngeli zitawapotea. Neno lisemwe mara tatu peke yake, kisha katikati ya sentensi, kwa sababu sauti hushuka mwishoni na kuficha toni, yaani kiwango cha sauti kinachotofautisha maneno.

Jibu: Simu yatosha, ila tafuteni maikrofoni ya kubana kwenye nguo, yenye sifongo. Upepo wa ziwani huharibu kila kitu! Rekodini faili ya WAV (sauti isiyobanwa) ya kHz 48, biti 24, si MP3, ambayo hubana sauti na kupoteza sehemu yake. Saa moja ya mono (mkondo mmoja wa sauti) hula takriban megabaiti 520. Nakala mbili kila jioni.

Jibu: Ridhaa irekodiwe kwa sauti kabla ya swali la kwanza. Na tafadhali, waachieni wazee nakala kwenye kadi ya kumbukumbu kabla hamjapanda boti kurudi Mbita.