Mbona mnaruka mwaka 2004 kila mnapomsifu Maurice Odumbe?

Wapenzi wa kriketi wenzangu, nimevumilia vya kutosha. Kila tunapoukumbuka ushindi wa Kenya mjini Pune, India, watu humsifu Maurice Odumbe kana kwamba historia yake ya uwanjani iliishia siku ile. Tarehe 29 Februari 1996, katika Kombe la Dunia, Kenya ilitolewa yote kwa mbio 166 tu, kisha Odumbe, nahodha wetu, akarusha ova kumi (kila ova ni mipira sita), akaangusha wiketi tatu, yaani akawatoa wapigaji watatu, kwa kuruhusu mbio 15 tu, na West Indies, timu ya visiwa vya Karibi yenye nyota Brian Lara, ikaporomoka ikiwa na jumla ya mbio 93 tu. Heshima hiyo ni yake, na sina nia ya kumpokonya.

Kinachonikera ni kurukwa kwa Agosti 2004, alipofungiwa miaka mitano baada ya shauri lililosikilizwa na jaji Ahmed Ebrahim wa Zimbabwe kumwona ana hatia ya kupokea fedha za wachezesha kamari. Mwenyewe alikana, na kukana ni haki yake. Adhabu aliitumikia hadi mwisho, akarejea uwanjani mwaka 2009, na mwaka 2018 akakabidhiwa timu ya taifa kama kocha. Sidai kwamba alipaswa kunyimwa kazi, kwa sababu aliyemaliza adhabu amemaliza. Ila kumaliza adhabu hakuufuti uamuzi wenyewe, na shabiki anayeutaja hastahili kuitwa msaliti wala mwenye wivu, kama nilivyoitwa mimi.

Mnasema yamepita. Yamepita kwa nani? Machi 2003 tulikuwa Durban tukicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya India, na miaka 11 baadaye tukapoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Sitamtwika mtu mmoja anguko lote hilo, maana ugomvi wa viongozi na migomo ya wachezaji waliodai malipo vilichangia sana, lakini kashfa ile ilitupata wakati ambao tulihitaji sana kuaminiwa.

Tazameni Afrika Kusini. Hansie Cronje, nahodha wao, alikana kwanza, kisha mwaka 2000 akakiri, akaketi mbele ya tume na kueleza alivyopokea fedha na hata koti la ngozi kutoka kwa mtu wa kamari. Alifungiwa maisha, na mwaka 2002 akafa katika ajali ya ndege. Aliwaumiza mno watu wake, lakini kijana wa leo akisoma maelezo yale anaona jinsi mtego unavyoanza kwa zawadi ndogo. Shane Warne na Mark Waugh, wachezaji wa Australia, nao walilipwa na mtu wa kamari kwa habari za hali ya hewa na uwanja tu, na viongozi wa kriketi wa Australia waliowatoza faini kimyakimya walificha jambo hilo hadi lilipofichuka mwaka 1998.

Vijana wetu wanahitaji kusikia habari za namna hiyo kutoka kwa mtu wa nyumbani, wanayemjua sura. Hata anayeshikilia kwamba hakutenda kosa anaweza kuwaambia ni nani alimfuata, alimwahidi nini, na yeye alijibu nini. Nanyi mnaoandika sifa zake, mkifika Pune msiishie hapo; andikeni na 2004 katika ukurasa uleule.