Buick LeSabre ya 2003 inakula maji ya rejeta: nitengeneze au niachane nayo?

Mama_Mapacha
Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri kwa wanaoyajua magari ya Kimarekani, hasa nyie mlioko huku kwenye baridi.

Nipo Columbus, Ohio. Nina Buick LeSabre ya 2003, niliinunua kwa mzee mmoja jirani aliyeacha kuendesha, ikiwa na maili 92,000. Leo inasoma 171,000. Muda wote huo haijawahi kunilaza njiani. Nimebadilisha betri, matairi, breki, beringi ya gurudumu la mbele, na kile kioo cha mlango wa dereva kilichodondokea ndani ya mlango kikagoma kupanda. Mengine ni oili tu. Nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku, na nikitoka huko napeleka watoto shule.

Tangu mwezi uliopita maji ya rejeta yanapungua. Chini hakuna hata tone. Nikiwasha gari likiwa limelala linatoa moshi mweupe wenye harufu tamu, injini inatetemeka kidogo halafu inatulia. Halichemshi. Gereji moja wameniambia gasketi ya silinda hedi imeungua, dola 2,400. Shemeji yangu anasema gari lenyewe halifiki hiyo bei, nichukue mkopo wa gari la Kijapani la 2021. Mume wangu anasema injini hii haifi, tutengeneze. Wote wawili hawaliendeshi. Nawasilisha.

Spana_Namba_Kumi
Dada, kwanza kabisa usiliwashe tena mpaka likaguliwe. Nitakueleza kwa nini.

Injini yako ni V6 ya lita 3.8, ile General Motors (GM), wenye Buick, wanayoiita 3800 Series II. Bloku chuma, silinda hedi chuma, taimingi yake ni cheni, hakuna mkanda wa kukatika. Gasketi ya hedi kuungua kwenye injini hii ni nadra, tena kwa gari ambalo halijawahi kuchemsha. Kinachokufa ni plastiki iliyowekwa juu yake. Manifoldi ya juu, ile inayoingiza hewa, ni ya plastiki, na ndani yake linaingia bomba linalorudisha moshi wa moto kwenye injini. Jirani kabisa na bomba hilo pana njia ya maji. Miaka inavyokwenda joto linaila plastiki mpaka inatoboka, maji yanahamia upande wa hewa, yananyonywa na silinda na kuchomwa. Ndiyo sababu chini huoni tone, na moshi ni mweupe na una harufu tamu.

Sasa hatari. Ukizima gari likiwa la moto, presha iliyobaki kwenye rejeta inaendelea kuyasukuma maji polepole. Yakijikusanya kwenye silinda moja, ukiwasha pistoni inapanda na kuyakuta, na maji hayashindiliki. Konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, inapinda. Ukisikia stata imegonga mara moja ikakwama, usirudie. Zitolewe plagi zote kwanza, injini izungushwe, maji yatoke.

Mwambie fundi apige presha mfumo wa maji na auache hivyo usiku mzima. Asubuhi afungue koo la hewa amulike ndani ya manifoldi kwa tochi. Akikuta kidimbwi, jibu limepatikana. Na kipo kipimo cha dawa ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta: gesi ya silinda ikiwa inaingia kwenye maji, dawa inageuka njano. Ikibaki buluu, habari ya hedi iwekwe pembeni. Gereji iliyotamka hedi bila kufanya hata kimoja kati ya hivyo, usirudi.

Wakishafungua, wabadilishe na gasketi za manifoldi ya chini, siku hizi zipo zenye fremu ya alumini. Na vile vielbo viwili vya plastiki vya maji upande wa alteneta. Vina bei ya kitoto lakini vikikatika barabarani maji yote yanamwagika kwa mpigo. Kazi yote kwa fundi wa mtaani mwenye akili isizidi dola 900.

Mlamba_Oili
Mkuu hapo juu amemaliza. Niongezee historia kidogo kwa wanaopenda. V6 hii ya Buick ilianza mwaka 1962. Mwaka 1967 GM wakaiuza kwa Kaiser waliokuwa wanatengeneza Jeep, wakiona hawaihitaji tena. Mafuta yalipopanda bei wakairudia na kuinunua upya mwaka 1974! Wakaiboresha mpaka uzalishaji wake ukasitishwa rasmi kule Flint, Michigan, mwaka 2008. Injini iliyorekebishwa miaka yote hiyo, kasoro zake za msingi zilishatolewa zamani. Zilizobaki ndizo hizo za plastiki walizoziongeza baadaye ili kupunguza gharama na uzito.

Mwana_Bukavu
Mama, pole sana. Mimi niko Erie, Pennsylvania. Nilikuwa na LeSabre ya 2001. Kwa upande wa injini sina malalamiko, ilikuwa inawaka mara moja hata theluji ikifika magotini.

Lakini huku kwetu kila mwaka gari ni lazima lipite ukaguzi. Siku moja walilipandisha juu, fundi akachoma bisibisi kwenye ule mhimili wa chini ya milango, ikaingia mpaka kwenye mpini. Paipu za breki nazo kutu tupu. Walikataa kunipa stika. Nilihesabu gharama ya kuchomelea, nikaona haina maana, nikaliuza skrepa likiwa linaunguruma vizuri kabisa. Na yule wa skrepa aliliendesha mwenyewe kuliingiza kwenye yadi yake!

Nyinyi Ohio mnamwagiwa chumvi barabarani sawa na sisi, ila hakuna anayewalazimisha kuangalia chini ya gari. Kwa hiyo mbele ya kutoa dola yoyote kwa ajili ya injini, mulika chini.

Spana_Namba_Kumi
Ndugu wa Erie ameongea neno kubwa kuliko langu. Mimi nilikimbilia injini kwa sababu ndiyo uliyouliza.

Dada, gari likiwa juu waangalie paipu za breki zinazokwenda nyuma, paipu za mafuta karibu na tangi, mihimili ya chini ya milango, na pale fremu inayobeba injini inaposhikana na bodi. Paipu zinatengenezeka, waambie wafunge za shaba na nikeli, hizo kutu haiziwezi, na zinapindika kirahisi kuliko za chuma. Mihimili inachomeleka ikiwa kutu ni ya sehemu ndogo. Fremu ikiwa imeoza, hata ningekupa injini mpya bure ningekwambia kataa.

Mwanakwetu_Kisauni
Ikiwashinda itumeni Mombasa, tutaimaliza sisi.

Mlamba_Oili
Mkuu, Kenya hawapokei gari lililozidi miaka minane, na usukani wa kushoto haupiti. Hiyo Buick itaozea bandarini Kilindini.

Hesabu_Kwanza
Tuje kwenye pesa maana ndiko shemeji anakotokea. Tuseme amekutafutia gari la dola 21,000, riba asilimia 11 kwa sababu historia yako ya mikopo bado fupi, miezi 72. Rejesho ni kama dola 400 kwa mwezi, na mpaka umalize utakuwa umelipa karibu dola 28,800. Juu yake mkopeshaji hatakubali ile bima ndogo ya kumlipa uliyemgonga, atataka bima kamili. Hapo bado hujaweka mafuta.

Kwa hiyo matengenezo ya dola 900 ni sawa na marejesho ya miezi miwili na kidogo. Watu wanasema "gari halifiki hiyo bei". Hilo ni swali la anayetaka kuuza. Wewe hutaki kuuza, unataka kufika kazini. Jiulize hiyo 900 itakununulia miezi mingapi.

Ila na mumeo naye asijidanganye. Gari la umri huo bila akiba ni kujitafutia presha. Kila mwezi weka pembeni dola 250, jifanye unalipa mkopo. Likiharibika pesa ipo, lisipoharibika una malipo ya kwanza ya gari lijalo na riba itashuka.

Bi_Mtulivu
Naona wanaume mmenogewa na injini. Dada anabeba watoto, tena akitoka zamu ya usiku. Mfumo wa kompyuta unaozuia gari kuserereka umekuwa wa lazima Marekani kwa magari mapya ya abiria kuanzia modeli ya 2012. Kamera ya nyuma ni lazima tangu Mei 2018. LeSabre ya kawaida ya 2003 haina vyote viwili. Gari zito si lazima liwe gari salama. Shemeji huenda amekosea njia ya mkopo, lakini hajakosea kila kitu.

Spana_Namba_Kumi
Sibishi, Bi. Afadhali la 2003 lina vile vyuma vya kufungia viti vya watoto, maana vilishakuwa lazima. Kwa kuserereka, matairi halisi ya baridi yatamsaidia kuliko hadithi za uzito wa gari, na kwa bahati LeSabre inavutwa na magurudumu ya mbele.

Tinga_Houston
Kutoka Texas: yangu ya 2002 ina maili 248,000 na chini ni safi, huku hatujui chumvi ya barabarani. Jua ndilo linalotumaliza. Kitambaa cha dari kimeniangukia kichwani na taa za mbele zimekuwa njano, lakini kutu hakuna. Manifoldi nilibadilisha mara moja.

Mimi ningemuongezea dada wasiwasi wa giaboksi. Ni ya gia nne, na ikianza kugonga wakati wa kupanda gia, mara nyingi ni ile solenoidi (vali ya umeme) ya kudhibiti presha ya oili ndani yake. Usiwaruhusu wakuoshee giaboksi kwa mashine. Wafungue sufuria ya chini, wabadilishe filta na oili, watie Dexron VI, basi. Hiyo inachukua nafasi ya Dexron III ya zamani.

Na chini likikutwa limeoza, usikimbilie mkopo. Tafuta LeSabre nyingine au Buick Park Avenue ya huku Kusini, iliyotumiwa na wazee. LeSabre ya mwisho ni ya 2005, kwa hiyo zinazidi kuadimika, lakini bado zipo kwenye magereji ya nyumba za watu, zinawashwa Jumapili tu.

Mwana_Bukavu
Kweli. Na hiyo yako ya zamani usiiuze yote, toa alteneta na motokaa za vioo uweke akiba.

Hesabu_Kwanza
Motokaa au mota? 😂

Mwana_Bukavu
Mota, ndugu. Umeelewa.

Mama_Mapacha
Asanteni sana. Gari sijaliwasha tangu nisome jibu la kwanza, napewa lifti na mwenzangu wa kazini. Maswali mawili. Gereji ya kwanza wananipigia kila siku wakisema punguzo linaisha. Na kuna mtu kanishauri nimwage ile dawa ya kuziba uvujaji, ya chupa, nisukume mpaka serikali inirudishie ile pesa ya kodi. Inafaa?

Spana_Namba_Kumi
Hapana. Ile dawa haijui kuchagua tundu. Itaziba na vijia vyembamba vya rejeta ndogo ya hita, ubaki unaendesha Januari ukiwa umevaa koti na vioo vimejaa ukungu. Na tundu lililotobolewa na moto kwenye plastiki haliwezi kulishikilia. Kuhusu punguzo, likiisha liishe.

Mama_Mapacha
Nimerudi na majibu. Gari lilivutwa mpaka gereji ya pili. Dawa ya buluu ilibaki buluu. Walipofungua koo la hewa wakakuta maji yametuama ndani, na fundi akanionyesha kidoleni plastiki inavyomeguka kuzunguka lile bomba. Bahati plagi zilipotolewa hakuna silinda iliyokuwa imejaa, na injini inazunguka bila kugoma.

Chini nilikaa nao mwenyewe na tochi. Paipu mbili za breki za kwenda nyuma zimeliwa vibaya, fundi alisema nisingefika nazo Krismasi. Mhimili wa chini ya mlango upande wa abiria umeanza kuvimba, lakini bisibisi haikupita. Fremu ya injini iko imara. Jumla yote, pamoja na paipu za shaba na nikeli na vielbo, dola 1,240. Nimekubali.

Kwa Bi Mtulivu: nimekusikia, na nimemwambia mume wangu hivyo hivyo. Tutatengeneza, matairi ya baridi yanafungwa mwezi huu, na ile 250 inaanza kuwekwa akaunti yake. Giaboksi ikifa au kutu ikiingia kwenye fremu, hakuna kikao kingine, linauzwa. Shemeji amenuna lakini atakula kwetu Jumapili kama kawaida. Fundi ananiuliza nataka maji gani ya rejeta, ya kijani anayo bure.

Spana_Namba_Kumi
Kataa ya bure. Itiwe Dex-Cool ya rangi ya chungwa ndiyo ya gari hilo, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, na isichanganywe na ya kijani. Juu ya nyumba ya thamostati kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa. Aifungue taratibu wakati wa kujaza mpaka yatoke maji bila mapovu, la sivyo hita itapuliza baridi na mtaanza kumtafuta mchawi.

Oili na filta vibadilishwe siku hiyo hiyo kabla gari halijatoka, kwa sababu manifoldi ya chini ikinyanyuliwa maji kidogo huangukia kwenye oili. Baada ya siku chache angalia kiwango cha maji injini ikiwa baridi. Kikishuka kidogo mara moja ni hewa imetoka, ongeza. Kikishuka tena, lirudishe kwao, na hakikisha kwenye risiti wameandika dhamana ya kazi.

Mama_Mapacha
Wameandika, miezi 12. Litatoka Alhamisi.