Nauziwa Land Rover 109 isiyo na kibati, namba ya chesisi haisomeki: inanunulika?

Mtafuta109

Wakuu, heshima zenu. Kuna Land Rover Series IIA inauzwa Moshi, 109 ya petroli (yaani inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), bodi ya pikapu, kadi inasema ni ya 1964. Muuzaji ana kadi halisi mkononi, ila ina jina la baba yake ambaye ni marehemu. Kibati cha namba kilichokuwa ndani hakipo, yamebaki matundu ya riveti tu. Pale mbele kulia kwenye chesisi nimekuta rangi nene nyeusi na kutu, hakuna kinachosomeka. Namba ya injini inasomeka vizuri lakini siyo ile iliyoandikwa kwenye kadi. Namba ya chesisi ya kwenye kadi inaanza na 252 na kuishia na herufi B.

Gari la namna hii linanunulika? Namba naisomaje bila kuiharibu? Na kuna fundi ananiambia vibati vipya vinaagizwa kutoka Uingereza, unagonga namba ya kadi, unapiga riveti, kazi imekwisha. Ni sahihi?

FundiChesisi

Mkuu, naanza na hilo la kibati kwa sababu ndilo litakalokupeleka pabaya. Kibati kitupu kweli kinauzwa, na mtu anayekarabati gari ambalo namba yake ya chesisi inasomeka anaweza kukihitaji. Wewe huna namba inayosomeka. Ukigonga namba ya kadi kwenye kibati kipya, au mbaya zaidi kwenye chesisi yenyewe, umetengeneza utambulisho wa gari kwa mkono wako, hata kama namba ni ya kweli. Mkaguzi akiona kibati kinang'aa juu ya chesisi ya miaka 60 isiyo na namba, hatauliza nia yako ilikuwa nini. Usikubali.

Sasa namba. Kwa Series II, IIA na III imegongwa kwenye pembe ya mbele kulia ya chesisi (kulia kwa dereva aliyekaa), upande wa nje, nyuma kidogo ya bampa, jirani na bolti inayoshika jicho la springi. Ni sehemu inayokula tope na mawe maisha yake yote. Toa tairi la mbele kulia, weka stendi imara chini ya chesisi, usitegemee jeki peke yake. Osha kwa mafuta ya taa na brashi ya nailoni mpaka grisi iishe. Kausha. Kisha zima taa, washa tochi na uilaze karibu sambamba na chuma ili mwanga upite kwa ubavu. Alama ambayo haionekani mchana hutoa kivuli. Piga picha kutoka pembe tofauti, na rula iwe ndani ya picha. Jaribu pia karatasi nyembamba na penseli laini: bana karatasi juu ya chuma, sugua kwa penseli iliyolala.

Usiweke grainda. Usiweke brashi ya waya ya kwenye drili. Usisugue kwa msasa. Usigonge kutu kwa nyundo. Namba imeingia kwenye chuma chini ya milimita moja, na kutu imeshakula sehemu yake. Rangi ikiwa nene, dawa ya kuondolea rangi na kitambaa vinatosha, na kutu nyepesi unaweza kuilainisha kwa dawa yenye asidi ya fosforasi, dakika 15 hivi, unafuta, unarudia.

MkaguziMstaafu

Nakubaliana na FundiChesisi mpaka kwenye tochi na penseli. Hapo kwenye dawa ya rangi na asidi nasema hapana, kwa sababu gari bado si lako na namba haijaonwa na mtu mwingine yeyote. Ukikwangua leo na kesho ikaonekana ni gari la wizi, mikwaruzo mipya iliyo juu ya namba ni yako. Osha tope, piga picha, ishia hapo.

Sababu nyingine ni ya kitaalamu. Namba inapogongwa, chuma hakibonyei juu tu, hata tabaka la chini yake hukandamizwa na kubadilika. Ndiyo maana maabara ya polisi inaweza kusoma namba iliyofutwa: wanalainisha uso wa chuma kwa uangalifu, wanapaka kemikali, na sehemu iliyokandamizwa inaliwa tofauti na sehemu nyingine mpaka maumbo ya tarakimu yanatokea. Kila tabaka unalokwangua wewe nyumbani unawapunguzia hicho chuma cha kusoma. Chesisi hizi ni vipande vya bati vilivyochomelewa kuwa boksi, si chuma kinene, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo.

Jambo la kuangalia kabla ya yote, na wengi hawaliangalii: je, ile pembe ni ya asili? Pembe za mbele huoza, na vipande vya kubadilishia vinatengenezwa tangu zamani. Fundi hukata kipande kibovu, anachomelea kipya, na namba inakwenda kwenye chuma chakavu. Hakuna uhalifu hapo, ila ushahidi umekwenda. Linganisha pembe ya kulia na ya kushoto. Tafuta mstari wa kuchomelea pembeni na chini ya boksi, unene tofauti wa bati, kona kali upande mmoja na za mviringo upande mwingine. Ukikuta kibamba kidogo kimechomelewa juu ya eneo la namba pekee, hiyo ni habari nyingine kabisa, ondoka. Hali kadhalika tarakimu zilizogongwa juu ya puti au juu ya doa la kuchomelea.

Na zikionekana tarakimu zimepinda kidogo, usishtuke. Kupinda peke yake si ushahidi wa kughushi.

Lendi_Zote

Nichangie kwenye namba yenyewe, maana inazungumza. Kwa Series IIA unapata tarakimu 3 za aina ya gari, tarakimu 5 za mfululizo, na herufi moja mwisho. Petroli: 241 hadi 245 ni 88 (ile fupi), 251 hadi 255 ni 109 ya kawaida. Ndani ya kila kundi, ya kwanza iliuzwa Uingereza, ya pili ni usukani wa kulia kwa nchi za nje, ya tatu usukani wa kulia iliyosafirishwa vipande ikaunganishwa huko ilikokwenda, ya nne na ya tano ni hivyo hivyo kwa usukani wa kushoto. Kwa hiyo 252 ya kwenye kadi inamaanisha 109 ya petroli, usukani kulia, ya kuuzwa nje. Inaendana kabisa na gari la Tanganyika ya wakati ule. Ile herufi B inaonyesha toleo la mabadiliko ya kiufundi, kwa IIA zinakwenda A hadi H. Series II ya 1958 hadi 1961 haina herufi, na Series III inaanza na 9, mfano 911 hadi 915 kwa 109 ya petroli.

Sasa pima gari. Katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya la nyuma, matairi yakiwa yamenyooka: 109 inakupa sentimita 277, 88 inakupa 223 na nusu. Kadi ya 109 juu ya gari fupi imeshajijibu.

Taa za mbele kwenye sho ya kati ni za IIA ya mapema, kwenye madigadi ni za mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea. Mita katikati ya dashibodi ni II au IIA, mbele ya dereva ni III. Lakini madigadi, sho na milango vinafungwa kwa bolti na kila gereji imewahi kuvibadilisha, kwa hiyo uzito mkubwa uweke kwenye chesisi na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Ukuta wa IIA na wa III ni tofauti, na kuubadilisha ni kazi kubwa ambayo watu hawaifanyi bila sababu.

Injini kutofanana na kadi haishangazi. Kwanza, kwenye gari hizi namba ya injini haikuwa sawa na ya chesisi hata ilipotoka kiwandani Solihull. Pili, injini zimebadilishwa sana. Isome kwenye bloku, upande wa mbele karibu na manifoldi ya egzosi, na uulize stakabadhi ya hiyo injini. Isije ikawa injini ndiyo ya wizi na chesisi ni safi.

Mwisho, British Motor Museum, makumbusho ya magari kule Gaydon, Uingereza, wanatunza kumbukumbu za kiwanda na wanatoa cheti chenye tarehe ya kutengenezwa, namba ya injini ya awali na nchi gari ilikopelekwa. Ni msaada mzuri wa kulinganisha na kadi. Ila cheti kinathibitisha kwamba gari yenye namba hiyo ilitengenezwa, hakithibitishi kwamba ndiyo hii iliyosimama mbele yako.

Wakili_Kijenge

Hapo kwenye jina la marehemu msipapite haraka. Kuwa na kadi mkononi hakumpi mtoto haki ya kuuza. Anatakiwa awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba nakala ya uteuzi, soma jina, hakikisha ndiye anayesaini mkataba. Kama warithi wako kadhaa, chukua na maandishi yao ya kukubali mauzo. Bila hivyo utamaliza shida ya chesisi na kuanza kesi na shangazi zake.

TRA ndiyo wanaosajili magari, kwa hiyo kadi ithibitishwe huko kabla ya kulipa: jina, namba ya usajili, chesisi, injini, na kama kuna deni au zuio. Kama gari lilikuwa la serikali (ST) au shirika la umma (SU), dai karatasi za mnada.

Wa_Nakuru_88

Nyongeza kutoka Kenya, kwa sababu nyingi zinavuka mpaka hapo Namanga na Holili. Ikiwa na namba za zamani za Kenya, herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho, muuzaji afanye upekuzi wa rekodi NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya) akuletee matokeo pamoja na logibuku (kadi ya umiliki ya huko). Na ujue logibuku ya Kenya peke yake haikupi usajili Tanzania. Bila karatasi za forodha gari halijaingia kihalali.

Mtafuta109

Asanteni sana. Nimerudi leo. Kati ya magurudumu ni sentimita 277. Mita ziko katikati, taa ziko kwenye sho. Pembe ya kulia ina mstari wa kuchomelea unaozunguka boksi lote, bati lake ni nene kuliko la kushoto na ni laini, halina hata alama. Kibamba cha juu hakipo. Muuzaji anasema ilibadilishwa enzi za baba yake. Yupo tayari kusubiri.

MkaguziMstaafu

Basi kwa maelezo hayo pembe ilibadilishwa na namba ilikwenda nayo. Maabara haitasoma kitu kwenye chuma kisichowahi kugongwa. Hilo si mwisho, ila kazi ya kuliweka gari sawa kisheria ni ya muuzaji, siyo yako. Alipeleke polisi kitengo cha usalama barabarani likaguliwe kwa jina la familia, aeleze pembe ilivyobadilishwa, apeleke kila karatasi aliyonayo: stakabadhi za leseni ya barabara, bima za zamani, risiti ya ile kazi kama ipo, picha za zamani zinazoonyesha gari na namba zake za usajili. Kama inatakiwa kugongwa namba upya, igongwe kwa maelekezo yao na kwa maandishi, na injini iliyopo iingizwe kwenye rekodi wakati huo huo.

Wakili_Kijenge

Na kwenye mkataba andika ukweli wote: chesisi "haina namba inayoonekana, pembe ya mbele kulia imebadilishwa", namba ya injini iliyopo, namba zote za kadi, picha ziambatanishwe na kusainiwa. Weka sharti kwamba mauzo yanakamilika baada ya barua ya ukaguzi na umiliki kuhamishwa TRA, la sivyo fedha yote inarudi ndani ya siku zilizotajwa. Malipo ya awali yasizidi asilimia 10, yapite benki. Gari libaki kwake mpaka hapo, usianze kulitengeneza.