Naombeni ushauri: tunataka kuwafundisha watu wazima kusaidia vijana wenye matatizo ya afya ya akili

Mlezi_V: Habari zenu wakuu. Nalea kikundi cha vijana wa miaka 13 mpaka 17, sasa mimi na wazazi na walimu kadhaa tunataka tupate mafunzo maana mnaona mtoto alikuwa mchangamfu ghafla haongei, hali vizuri, usiku halali, halafu watu wazima wanasema ni balehe tu itapita. Hofu yangu mtu akitoka semina ya siku moja atajiona daktari. Na kuna mzazi anasema habari za kujiua tusiziguse kabisa eti tutawapa wazo. Ni kweli? Mafunzo mazuri yaweje?

NesiMstaafu: Hapana mkuu, kumuuliza hakumpi wazo, tafiti nyingi zimeonesha hivyo na wengi wanapata nafuu kwamba hatimaye kuna mtu kauliza. Muulize wazi, "umekuwa ukifikiria kujiua?" Usiseme "huna mawazo ya kijinga wewe, si ndiyo?" maana hapo ushampa jibu unalolitaka. Akikubali usimwache peke yake, muulize kama ana mpango na kitu cha kutumia, ondoeni dawa na vitu vya hatari, apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Na usimuahidi siri, mwambie mapema kabisa kuwa usalama wake ukiguswa utamshirikisha mtu mwingine.

Baba K: Hayo mafunzo yapo, yanaitwa huduma ya kwanza ya afya ya akili, yalianzishwa Australia mwaka 2000 na Betty Kitchener na mumewe Tony Jorm. Ni kama huduma ya kwanza ya jeraha, unazuia damu, hufanyi upasuaji, kwa hiyo mkufunzi akianza kuwafundisha kutaja magonjwa mkatalieni. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili so kwenye kikundi chako wapo tu. Mimi ningedai maigizo, mmoja awe kijana kainamia simu anajibu "niko poa", mwingine ajaribu kuongea naye. Hapo ndo utaona watu wazima tunavyoogopa ukimya, kijana hajamaliza sentensi tushaanza nasaha na "sisi enzi zetu". Kukaa kimya ukasikiliza kunahitaji mazoezi kweli.

Mama Wawili: Kabla ya semina tafuteni kabisa mtaalamu wa kumpigia na namba iwe kwa kila mtu, bila hivyo mtafundishwa kugundua tatizo halafu mkwame nalo.

Mlezi_V: Asanteni sana. Na akikataa kwenda kwa mtaalamu?

NesiMstaafu: Kama sio dharura usimburuze. Muulize anaogopa nini, wengi wanaogopa kuitwa vichaa au wazazi kukasirika. Mpe achague mtu mzima anayemuamini amsindikize, na muulize tena baada ya siku chache. Ila maisha yake yakiwa hatarini hapo hamsubiri akubali.