Mwanangu ana pumu ya ngozi, naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Mwanangu wa miaka 3 ana pumu ya ngozi tangu akiwa na miezi 5. Tulipokuwa Tanga alikuwa na nafuu, ila tangu tuhamie Dodoma huu upepo mkavu wa Juni na Julai umemmaliza. Nyuma ya magoti ngozi imepasuka, usiku anajikuna mpaka shuka linapata damu. Inaniuma sana.

Daktari alimwandikia haidrokotisoni ya asilimia 1, krimu ya steroidi hafifu ya kutuliza uvimbe na mwasho. Nikimpaka siku 7 inatulia, nikiacha, wiki mbili tu imerudi. Sabuni za manukato nimeacha. Namwogesha maji ya uvuguvugu, kisha nampaka Vaseline mwili ukiwa bado na unyevu, na hii ndiyo imesaidia kuliko yote. Maji ya mwarobaini yalimwasha akalia usiku kucha, sitarudia.

Jirani ananishauri ninunue krimu kali dukani bila cheti. Naogopa, maana steroidi kali huifanya ngozi kuwa nyembamba.

Mliopitia hili, mlifanyaje mtoto alale bila kujikuna? Na kuna aliyepewa takrolimasi, ile dawa ya kupaka isiyo steroidi, na daktari wa ngozi? Ilimsaidia mtoto, na mlinunua bei gani?