Naomba ushauri: gauni la mtoto halipiti kichwani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nipo Mikindani, Mtwara, nashona nguo za watoto wa miezi 6 hadi miaka 3. Msimu wa korosho ukifika wazazi wanaagiza sana, kwa hiyo nataka nijipange mapema.

Shida yangu kubwa ni shingo. Wiki iliyopita mama mmoja alinirudishia gauni la kitenge. Kifuani lilimkaa mwanawe vizuri kabisa, ila kichwani lilikwama, mtoto akalia mpaka akalowa jasho. Roho iliniuma sana. Watoto wadogo vichwa vyao ni vikubwa ukilinganisha na mwili, sasa napima na kichwa pia. Lakini nikipanua shingo, gauni linateleza mabegani. Nikipasua mgongoni lazima niweke kifungo, na kifungo kikikatika mtoto anakitia mdomoni. Hilo ndilo naliogopa kuliko yote. Kamba za shingoni nazo sizitaki, zinaweza kumkaba. Je, nishone mabega ya kupishana kama zile fulana za vichanga? Kwenye kitenge kisichovutika yatakaa?

Halafu kitenge cha pamba kinarudi kikifuliwa. Siku hizi nakiloweka usiku kucha kabla ya kukata. Inatosha, au nitumie maji ya moto?

Lastiki ya kiunoni nayo naikata pungufu ya kiuno kwa sentimita 3, bado inawaachia alama, na joto la huku mnalijua. Nipunguze ngapi?

Mwenye uzoefu anielekeze tafadhali, hata kwa picha ya karatasi ya kukatia.